Meza ya Gichuru

Mume wa mdogo wangu alikuwa na mikono mizuri. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu ndilo jambo jema la pekee nitakalolisema juu yake, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba nilimnyima haki yake. Jina lake Mukhwana. Ukimletea geti lililopinda au jembe la trekta lililovunjika, alilishika, akaligeuza, akalipapasa kwa kidole gumba, na kabla hujamaliza kueleza shida yako alikuwa ameshajua la kufanya. Watu walitoka hata Kiplombe kumfuata mtaani kwetu Langas. Mikono hiyo ndiyo iliyomlisha mdogo wangu Selpha na watoto wao, na ndiyo iliyomfanya Mukhwana ajione mtu mkubwa.

Karakana yake ilipakana na kibanda changu cha kushonea sare za shule. Kati yetu ulikuwa ukuta wa mabati tu. Kwa hiyo mengi ya haya sikuhadithiwa. Niliyasikia mwenyewe, na mengine, Mungu anihurumie, niliyaona.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa asubuhi ya jua, miaka michache baada ya vita vya uchaguzi. Mukhwana alikuwa anatoboa bawaba za geti huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, maana alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda mtu asahau. Selpha alikuwa ameleta chai. Mimi nilikuwa nje naanika vitambaa. Mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheusi akaja akasimama mlangoni mwa karakana, akaitazama mashine ya kutoboa kwa muda mrefu kabla ya kumtazama anayeitumia.

"Mukhwana," alisema. "Umeitunza vizuri. Asante. Nimekuja kuichukua."

Mluzi ukakatika. Huyo alikuwa Waceke, mjane wa Gichuru.

Gichuru ndiye aliyemfundisha Mukhwana kazi. Mukhwana alipotoka kwao Bungoma hakujua hata tupa inashikwa upande gani. Gichuru akamchukua, akamweka pamoja na wanafunzi wengine katika karakana yake karibu na mjini, mbele ya mashine ile kuukuu ya kusimama: nguzo ya chuma ndefu kama mtu, kichwa chenye mota juu, na katikati meza nzito ya chuma ambayo kitu kinachotobolewa hulazwa juu yake. Meza hiyo ilikuwa na sura mbaya. Kona yake moja ilivunjika siku ilipoanguka kutoka kwenye lori, na uso wake ulikuwa umejaa mashimo.

Mashimo hayo yana maelezo yake. Ukitoboa chuma unatakiwa uweke kipande cha ubao chini yake, ili keekee ikipita iume ubao, isiume meza. Mwanafunzi husahau. Kila mwanafunzi husahau mara moja. Karakana nyingine ukisahau unapigwa kofi. Kwa Gichuru, kazi ilisimama, Waceke akachemsha chai, mkate ukanunuliwa, na Gichuru akamwambia aliyekosa, "Sasa wewe ni wa hapa." Shimo hilo halikuzibwa tena. Likawa lake. Wengine walishaondoka, wengine walishakufa, lakini mashimo yao yalibaki pale mezani na Gichuru aliweza kukutajia mwenye kila moja. La Mukhwana lilikuwa karibu na katikati, na lilikuwa refu kuliko yote. Hata katika kukosea alitaka kutangulia.

Halafu ukaja ule uchaguzi, matokeo yakatangazwa, watu wa kabila la Gichuru wakaanza kufukuzwa, moshi ukapanda. Gichuru na Waceke walikimbilia kambi ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho na nguo walizovaa tu. Huko Gichuru akampa Mukhwana funguo kupitia uzio, akamwambia aokoe atakachoweza. Na Mukhwana aliokoa. Aliifunika mashine ile kwa magodoro juu ya mkokoteni, akaisukuma hadi Langas, na siku iliyofuata karakana ikateketea. Ningeishia hapo ningemwita shujaa. Gichuru mwenyewe alimpigia simu kutoka kambini akalia kwa shukrani.

Baadaye Gichuru alipelekwa kambi nyingine upande wa Nakuru, kifua kikamshika ndani ya hema, akafa. Mukhwana hakwenda kumzika. Alisema barabara haikuwa salama. Wiki hiyo hiyo mimi nilikwenda Nakuru kununua vitambaa nikarudi bila kuguswa na mtu.

Wala hakuwa peke yake, nisimwonee. Mtaa wetu wote ulikuwa unalalia magodoro ya watu, unatazama runinga za watu, na Jumapili unaombea nchi amani.

Sasa Waceke alikuwa mlangoni, na Mukhwana akaweka chini bawaba yake akavaa uso wa msibani.

"Pole sana Mama," alimwambia. Tangu siku za chai na mkate alimwita Mama, na Gichuru alimwita Mwalimu. "Ile yenu ilichomeka. Hii nilinunua kwa watu."

"Si wewe mwenyewe uliambia bwana yangu umeiokoa?"

"Nilikuwa nampatia moyo tu. Mtu ako kwa tenti, utamwambia aje kila kitu imeisha?"

Waceke hakupiga kelele. Alisogea aione meza, lakini ilikuwa imefunikwa gunia na vyuma juu yake, na Mukhwana akajisimamisha katikati na kifua chake.

"Meza yetu ilikuwa imevunjika kona," Waceke alisema. "Na ina mashimo ya vijana wote. Yako pia iko hapo. Toa hiyo gunia."

Hakuitoa. Waceke akaenda moja kwa moja kwa Mzee Okello, mzee wa mtaa, karani mstaafu aliyekuwa akiamua mambo yetu tangu zamani. Mzee Okello akasema Jumamosi watu wakutane karakanani, meza ifunuliwe. Ikiwa na kona iliyovunjika na mashimo, mashine ni ya mjane. Ikiwa haina, Mukhwana ataweka mkono wake juu ya kitu kinachobishaniwa na kuapa, kama ilivyokuwa desturi ya mtaa pale ambapo hakuna risiti wala shahidi. Mimi nilikwenda kuwa shahidi. Nilimweleza yote.

"Mama, kila mtu anajua wewe na shemeji yako hamsikizani," Mzee Okello aliniambia. "Leta kitu inaonekana na macho."

Nikarudi kwa mdogo wangu. Nikamwambia mumeo anaiba kwa maiti. Selpha alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua kichwa.

"Linah, ni hiyo mikono yake inatulisha. Mashine ikienda, itashika nini?"

Mukhwana akafunga milango ya karakana, akawaambia wateja ana matanga. Na hapo ndipo ufundi wake wote, ule aliofundishwa na Gichuru, ulipofika kilele: katika kumwibia Gichuru.

Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la msumari, sikatai. Aliifungua meza kutoka kwenye nguzo. Chuma cha aina ile, mafundi wanakiita kasti, hakichomelewi kikiwa baridi, kinapasuka kama sahani ya moto uliyoimwagia maji. Kwa hiyo alichimba shimo, akalijaza makaa, akailaza meza humo mpaka ikawa nyekundu ya giza, ndipo akaijengea kona mpya tone kwa tone. Akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu. Ilipopoa akaanza mashimo. Alilisawazisha kila moja, akalikata nyuzi za parafujo, akachonga vizibo vya kasti kutoka kwenye ngoma ya breki ya lori ili rangi zikubaliane, akavisokota ndani kwa nguvu, akavikata, akapiga tupa, akakwangua, akasugua. Alifanya kazi kwa upendo kabisa, mwizi yule. Ungepitisha kiganja usingejua kuwa pamewahi kuwa na shimo.

Alianza na ya wenzake. Lake alilibakiza la mwisho.

Ilikuwa mchana, mtaa umejaa kelele za watu na redio. Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nikasikia mtu akikohoa upande wa pili wa mabati. Kikohozi kikavu, cha chini kifuani. Mukhwana hakuwa na kikohozi. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto:

"Usisukume. Ngoja chuma kikubali."

Maneno hayo niliyajua. Gichuru aliwaambia wanafunzi wake hivyo kila siku; Mukhwana mwenyewe alizoea kutusimulia. Nikadhani Mukhwana anayakumbuka anajisemea. Kisha nikamsikia Mukhwana mwenyewe, kwa kunong'ona.

"Nani?"

Nikasikia kizibo kinasokotwa.

Jumamosi watu walijaa. Langas haikosi watu wa kutazama. Gunia likatolewa, na meza ikawa safi, nyeusi inayong'aa, kona zake zote nzima. Waceke aliipapasa yote kwa kiganja, polepole, akarudia tena. Alikuwa anatafuta kwa vidole alichokuwa ameshakipoteza kwa macho. Alipofika katikati mkono wake ukasimama.

"Umewafunika wote," alimwambia Mukhwana kwa sauti ya chini. "Hata wewe mwenyewe umejifunika."

"Mama, sijui unaongea nini."

Akaweka mkono wake wa kulia mezani, vidole vimetanuka. Akasema kwa sauti ya kanisani, watu wote wasikie: "Kama hii mashine ni ya Gichuru, huu mkono usishike kazi tena." Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee Okello akasema yamekwisha. Waceke akachukua mfuko wake akaondoka bila kumwangalia mtu.

Mukhwana alipoinua mkono haukuinuka. Ulinata. Ilikuwa mara moja tu, kama ulimi kwenye barafu, kisha ukabanduka kwa sauti ndogo ya ngozi. Akacheka, akaufuta kwenye suruali. Wengi hawakuona. Mimi nilikuwa nimesimama karibu.

Siku zilizofuata alikuwa anajikuna kiganja. Kisha Selpha akaniambia kuna doa limemtokea, jeupe, la duara, kama kifungo cha shati. Halimuumi. Halina hisia kabisa. Alilichoma sindano hakusikia. Mukhwana alisema ni mafuta ya mashine. Kila kitu ni mafuta ya mashine ukiwa hutaki kufikiri.

Doa likapata mwenzake. Kisha mwingine. Na nyundo ikaanza kumponyoka.

Mwanzoni alicheka. Nyundo ikianguka alisema imepakwa grisi. Tupa ikianguka alimlaumu aliyetengeneza mpini. Siku moja alishindwa kuishika spana mbele ya mteja, ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena, akaiokota kwa mikono yote miwili kama mtoto anayeshika kikombe. Mteja akachukua geti lake akaenda kwingine. Hakuwa wa mwisho.

Hospitalini walimpiga picha. Mifupa mizima, hakuna kidonda, nenda nyumbani. Kanisani walimpaka mafuta. Mwishowe yule mzee wa kanisa, aliyekuwa akihubiri dhidi ya waganga, akaenda Kiplombe kwa mama mmoja anayejulikana kwa mambo hayo. Selpha alimsindikiza. Mama yule aliomba kuona mkono, akauona, akavuta kigoda chake nyuma.

"Huu haukurogwa," alisema. "Huu unafanyiwa kazi. Muulize anayeufanyia."

Hakutaka hata wakae wanywe chai.

Mchana mmoja Selpha alinijia mbio. Mukhwana alikuwa amelala nyumbani, ameugeukia ukuta. Aliniambia twende karakanani, kuna kitu kwenye meza, anaogopa kukiangalia peke yake. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima tangu asubuhi. Tulifungua mlango mpana, jua likaingia hadi kwenye mashine. Mkanda wa mota ulikuwa umetolewa. Hakuna kitu kilichoweza kuzunguka mle ndani.

Kizibo kimoja kilikuwa kimeinuka. Kile cha karibu na katikati. Kilikuwa kimetoka juu ya uso wa meza kiasi cha unene wa kidole.

"Mukhwana alikigonga jana kiingie, kikarudi juu," Selpha alininong'oneza. "Akapiga nduru. Alisema amejigonga kiganja. Lakini alikuwa ameshika nyundo na huo mkono mwingine. Huu mbaya ulikuwa mfukoni."

Nikasogea. Sijui kwa nini nilisogea. Nilikiangalia.

Kilikuwa kinazunguka.

Polepole. Kinafunguka. Uzi mmoja wa parafujo ulitokeza, ukang'aa juani. Ukafuata mwingine. Hakuna mkono. Hakuna spana. Hakuna sauti. Selpha alinishika kitenge. Kizibo kikapanda, kikapanda, kikalegea, kikaanguka mezani na kujiviringisha hadi ukingoni. Kikadondoka sakafuni.

Shimo lilibaki wazi. Niliinama. Hewa ya vuguvugu ikanigusa shavu.

Ikarudi ndani. Ikanigusa tena.

Nikachuchumaa nikaangalia chini ya meza, mahali shimo lilipopaswa kutokea. Hapakuwa na shimo. Chuma kizima, baridi, chenye kutu yake ya miaka. Nikainuka. Juu, mashimo mengine yalikuwa yameanza. Kila kizibo kilikuwa kinageuka, kila kimoja kwa mwendo wake, bila haraka. Tukatoka. Hatukufunga mlango.

Nyumbani nilimkuta Mukhwana amekaa kitandani. Nikamwambia nionyeshe mkono. Alibisha kidogo, kiume kiume, kisha akaufungua kiganja mbele ya dirisha. Madoa hayakuwa meupe tena. Yalikuwa yamekuwa mepesi kama ngozi ya kitunguu. Na pale katikati, kwenye lile la kwanza, niliona maua ya pazia kupitia kwenye ngozi.

Sikumhurumia. Nasema ukweli. Nilimwonea kinyaa. Lakini mdogo wangu alikuwa sakafuni analia, watoto wake walikuwa hawajala tangu jana, na mkono ule ulikuwa ndio shamba lao.

"Mpigie Waceke," nilimwambia. "Mrudishie mashine. Uweke mkono pale pale ulipouweka, useme uliapa uongo. Mkono utapona."

"Na watu wataniona aje?"

Mtu anaoza akiwa hai, anauliza watu watamwona vipi! Nilimwambia kwa sasa wanamwona hadi upande wa pili.

Waceke alikuja. Mzee Okello akaita watu wale wale, na mara hii walikuja wengi zaidi, maana habari za mkono zilikuwa zimetembea. Meza ilikuwa imejaa mashimo yake yote, nyuzi za parafujo zikionekana ndani. Hata kona ile aliyoijenga kwa moto ilikuwa imeachia na kuanguka. Mzee Okello alipangusa miwani yake kwa muda mrefu, akanitazama, akatazama pembeni.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo. Mkono ule ule, maneno ya kweli. Basi.

Mukhwana alikuwa ameuzungushia mkono wa kulia bendeji nzito. Akaweka wa kushoto.

"Ule mwingine uko wapi?" Mzee Okello aliuliza.

"Ni mgonjwa, Mzee. Daktari amesema usiguswe."

Nikajua anachofanya. Aliogopa kunata tena, akaamua kumlipa marehemu kwa mkono ambao hakuupenda sana. Kisha akafungua kinywa. Nilingoja aseme niliiba, niliapa uongo. Sauti ikatoka laini, ile tuliyoizoea sote kwenye runinga miaka ile, kila kiongozi aliposimama na shada la maua mbele ya makaburi.

"Hiyo wakati ilikuwa ngumu kwa kila mtu," alisema. "Kama kuna mahali mtu alikosewa, basi tusameheane, tusonge mbele."

Kama kuna mahali. Kama kuna mtu. Mashimo yote yale yako mbele yake yamemtumbulia macho, naye anasema kama!

Waceke alimtazama.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

"Haya," alisema Waceke. Hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga yowe. Alizunguka meza, akaweka ncha ya kidole kwenye lile shimo la karibu na katikati, kwa upole, kama mtu anayefumba jicho la maiti. Akawaambia vijana wapakie mashine. Ilipoondoka, Mukhwana alikuwa bado anatazama kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa safi. Akatabasamu.

Na mkono wa kulia ukapona! Ndani ya wiki hiyo. Ngozi ilirudi, hisia zikarudi, akashika nyundo mbele ya watu, akairusha akaidaka. Selpha aliimba akifua nguo. Mimi nikaanza kujiuliza kama nilikuwa nimekosea, kama labda hata nusu ya ukweli inatosha siku hizi.

Jumapili akaomba kutoa ushuhuda. Mnamjua mtu wa aina hiyo. Alivaa suti. Alipanda mimbarini asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la upande, kwaya imekaa nyuma yake na kanzu zao nyeupe. Mkono wa kulia ulishika maikrofoni. Wa kushoto uliegemea ukingo wa mimbari. Alisema maadui walimwandama. Alisema mashetani walitumwa kutoka Nakuru. Jina la Gichuru hakulitaja. Alisema Bwana amemrudishia mkono wake, na watu wakapiga makofi, kwaya ikaanza wimbo, akaupandisha ule wa kushoto juu, vidole vimetanuka, kumshukuru Mungu.

Jua likapita ndani yake.

Kwenye kanzu za kwaya, madoa ya mwanga. Ya duara. Mengi. Mkono ukitikisika, yanatikisika. Dada mmoja wa kwaya alijitazama kifuani, akaanza kujipangusa. Hayakupangusika. Wimbo ulififia sauti moja baada ya nyingine. Mukhwana alikuwa wa mwisho kugeuka. Aliona madoa, akafuata mwanga kwa macho, akafika kwenye mkono wake mwenyewe. Akachungulia kupitia humo. Upande wa pili wa matundu niliona jicho lake.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwenye maikrofoni, kwa sauti ndogo ambayo kanisa zima liliisikia:

"Inatosha, Mwalimu. Nitasema."

Lakini hakusema. Hata hapo alikuwa na nafasi, maikrofoni iko mdomoni, watu wote wamenyamaza. Alitazama huku na huku, akawaona wanaomheshimu, akafunga kinywa. Nilikuwa kiti cha mbele. Niliona anavyokifunga.

Matundu hayakuishia mkononi. Yalipanda begani, yakaingia kifuani, na Selpha hakuruhusu mtu amwogeshe isipokuwa yeye. Mukhwana alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha chini. Alikufa kabla ya mvua za kupanda, na hadi mwisho hakutamka lile neno, niliiba. Tulimpeleka kwao Bungoma. Waliobeba jeneza waliulizana kwa macho. Lilikuwa jepesi, kama limebeba nguo tu.

Mdogo wangu sasa anashona pamoja nami. Watoto wanakula. Karakana alikodishiwa muuza mkaa, na Langas imeshapata mambo mengine ya kusengenya.

Ila zamu yangu ya kusafisha kanisa ni kila Jumamosi. Ninafagia, ninapangusa mimbari, nafunga milango, ufunguo unalala kwa mchungaji. Jumapili asubuhi, kwenye ukingo wa mimbari, upande wa kushoto, pale mkono wa Mukhwana ulipoegemea, kuna unga. Kidogo, kiasi cha kubana kwa vidole. Wa kijivu, mzito. Mchungaji alisema ni vumbi la mbao. Nikamwita Kabiru, fundi wa mabomba anayesali nasi, nikamwekea kiganjani bila kumweleza kitu. Aliusugua kwa vidole, akaunusa.

"Huu ni unga wa kasti," alisema. "Hutoka ukitoboa. Mmeleta drili hapa?"

Nikamwambia hapana. Mimbari ni ya mbao, viti ni vya plastiki.

Kabiru alikuwa bado ameushika. Akautazama, akautupa ghafla, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Basi nani anatoboa?" alininong'oneza. "Bado uko moto."